Dakika Arobaini hadi Kasulu

Juzi mjukuu wangu Neema alikaa hapa barazani akaiuliza simu yake: kutoka Kibondo hadi Kasulu ni mbali kiasi gani kwa ndege? Simu haikusita wala kukuna kichwa. Ikatoa kilomita mia na thelathini hivi kwa mstari ulionyooka, ikatoa na muda wa kuruka. "Babu," akasema, "kumbe kwa ndege ndogo ni dakika arobaini tu." Nikamwambia hilo nililijua kabla mama yake hajazaliwa, na sikuambiwa na simu.

Akacheka. Nyinyi vijana mnacheka vizuri sana mkidhani mzee anajigamba. Basi nimekaa nikuandikie wewe Neema, pamoja na wenzako, kwa sababu dakika hizo arobaini nazijua kwa namna yangu, na mpaka leo zinaniuma.

Miaka ya sabini nilikuwa mtunza kiwanja cha ndege hapa Kibondo. Msinivalishe kofia na tai katika mawazo yenu. Nilikuwa na fyekeo, panga, filimbi, na toroli lenye gurudumu bovu. Kiwanja chenyewe kilikuwa ukanda wa udongo na majani, na juu ya mlingoti kulikuwa na soksi kubwa ya kitambaa ya kumwonyesha rubani upepo unakotoka. Hapakuwa na redio, mnara wala uzio. Ng'ombe wa majirani waliamini kiwanja kile kilifyekwa kwa ajili yao, na ukiwatazama jinsi walivyolala katikati yake wakicheua, ungesema wana hati yake.

Ndege ilikuja kila Alhamisi, mbingu ikikubali. Ilikuwa ndege ya misheni, ya injini moja, ikibeba dawa, barua, wagonjwa na wauguzi, na pakibaki kiti basi alipanda ndugu wa mtu. Ikitoka kwetu ilikwenda Kasulu, kisha Kigoma. Rubani tulimwita Bwana Petro, mzungu mrefu aliyejifunza Kiswahili darasani, kwa hiyo hata akiomba maji ya kunywa ungedhani anasoma somo kanisani.

Ni yeye aliyenifundisha kwamba rubani hahesabu safari kwa kilomita, kwa sababu injini hainywi mafuta kwa kilomita, inakunywa kwa saa. Dakika arobaini ni za hewa iliyotulia. Upepo ukisukuma mgongoni zinapungua, ukipiga usoni zinaongezeka. Wakati wa kuchoma majani, moshi ukifunika milima, anaweza kuwa juu kabisa ya Kasulu kwa wakati wake na asiuone mji. Kwa lori safari hiyo hiyo ilikuwa habari nyingine. Kiangazi ulifika mwekundu kama tofali. Masika ulilala njiani, ukaamka, ukalala tena, mkisubiri Malagarasi ipungue au utingo atoke Makere na spea begani. Mimi nilishika bawa la ile ndege kila wiki, lakini safari zangu zote zilikuwa za lori na miguu.

Siku ya kwanza kazini nilifanya kosa ambalo Muha yeyote aliyelelewa vizuri angelifanya. Kwetu mgeni akionekana kwa mbali hukai ukamtazama. Unamkimbilia, unampokea mzigo, mnapigiana makofi na kusalimiana mpaka afike mlangoni. Basi ndege ilipoonekana mwisho wa kiwanja, magurudumu yakiwa karibu kugusa ardhi, mimi nikaikimbilia katikati ya njia, mikono mbele, tayari kwa salamu yetu, "Mwakeye!" Injini ikapiga kelele, tumbo la ndege likapita juu ya kichwa changu, nikajikuta nimelala kifudifudi. Bwana Petro alizunguka na kurudi kutua. Aliposhuka alikuwa mweupe kuliko kawaida yake, na Kiswahili cha kanisani kilikuwa kimemtoka chote.

Alhamisi iliyofuata alinijia na ujumbe. Huko Kasulu, akasema, kiwanja kinatunzwa na Mzee Bukuru. Alipomsimulia kisa changu, mzee yule alicheka mpaka akakaa chini, kisha akatoa maneno ya kuniletea: "Mwambie kijana wa Kibondo ampokee mgeni wake pembeni. Mgeni huyu ana panga puani."

Ndivyo nilivyompata mwalimu wangu. Hakuwahi kunifundisha kwa mdomo wake mwenyewe, ni kwa mdomo wa mzungu tu, na kwa vifurushi. Kila Alhamisi Bwana Petro alinipa somo nililotumiwa wiki iliyopita, akachukua swali langu la kupeleka. Nilijifunza kwamba masika, kabla ndege haijaja, unatembea kiwanja chote ukikita kisigino, na kisigino kikizama unatandaza shuka jekundu ili rubani asitue. Nilijifunza kufukia mashimo ya muhanga kwa kokoto kwanza, maana udongo mtupu atauchimbua tena. Majani yafyekwe baada ya umande kukauka. Na Bwana Petro, maskini, alibeba pia salamu zetu, ambazo Waha hatuzijui kwa ufupi. Alisimama mbele yangu amekunja uso kukumbuka: Mzee Bukuru anakusalimu, anamsalimu mke wako, anamsalimu mama yako, anawasalimu mbuzi, anauliza kama yule mwenye pembe moja amezaa.

Somo kubwa lilikuwa la ng'ombe. Mimi niliwafukuza kwa filimbi na mawe. Walitoka, wakanizunguka, wakarudi wakati ndege iko angani. Mzee Bukuru alinitumia kifurushi cha chumvi ya Uvinza. Aliagiza nimwage kidogo upande wa mtoni, mbali na njia ya ndege, kila Alhamisi asubuhi, na nisimwage siku nyingine hata moja. Baada ya wiki chache ng'ombe wa Kibondo walijua Alhamisi kuliko padre anavyoijua Jumapili. Kulipopambazuka walikuwa wamejipanga upande wa mtoni, kiwanja cheupe, nami nimekaa kwenye toroli nikila muhogo. Nilimrudishia mzee asali katika chupa ya dawa ya kikohozi. Akajibu kwamba asali ni nzuri sana ila chupa ina mdomo mdogo kuliko wake.

Mtauliza kwa nini hatukutembeleana. Ndege ikiwa hewani kati yetu, mimi lazima niwe Kibondo na yeye lazima awe Kasulu. Nikipanda leo narudi Alhamisi ya pili, na siku hiyo nani atamwaga chumvi? Mara nyingi Bwana Petro aliniambia ana kiti kitupu, nami nilicheka tu. Kasulu ilikuwa karibu mno. Mahali pa dakika arobaini hupapangii safari, unajiambia utakwenda siku yoyote. Miaka ikaenda hivyo.

Sasa niwaambie habari ya mizani, maana bila hiyo hamtanielewa.

Ndege ndogo lazima ijue uzito wake, tena kwenye kiwanja cha juu kama chetu, ambako hewa ni nyepesi na inahitaji kukimbia mbali zaidi ndipo ipae. Tuliazima mizani ya kupimia tumbaku, na kila abiria alipanda juu yake na mizigo yake. Watu wazima na heshima zao hawakupenda kupimwa kama robota, lakini ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya impamba. Hicho ni chakula cha safari, na kwetu mtu haondoki bila hicho, wala haingii kwa mtu mikono ikining'inia. Abiria wa kiti kimoja alikuja na unga, maharage, mkungu wa ndizi, jogoo, na shangazi wawili wa kumsaidia kubishana nami. Mimi nilikuwa mkali. Nilitoa mzigo mmoja mmoja mpaka mshale ukubali, nikarudia wimbo wangu: ni dakika arobaini tu, njaa yenyewe haitawahi kukukuta.

Siku moja alikuja Bibi Sekunda, mjane wa huku juu, akienda kumwona binti yake aliyejifungua Kasulu. Alikuwa mwembamba kama ufito, lakini mizani ilimpa uzito wa askari. Nikamtuma mke wangu Yustina ampekue. Chini ya vitenge alikuwa amejifunga maharage kiunoni, tabaka juu ya tabaka, amejikaza kamba. Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka, nami nikiwa wa kwanza. Nikamwimbia wimbo wangu wa dakika arobaini.

Bibi Sekunda hakucheka. Alifungua kamba polepole, maharage yakawa yanamwagika kwenye mizani.

"Mwanangu," akasema, "hayo si ya kula njiani. Nikifika kwa binti yangu mikono mitupu, nitaingia na uso gani?"

Nilimjibu kwamba binti anamtaka mama yake, hataki maharage, nikamsaidia kupanda ndege. Nilijiona mtu wa kisasa kabisa siku ile. Laiti maneno niliyompa yule bibi ningejipa mwenyewe.

Kiangazi kilichofuata vita vya Uganda magari yalikuwa haba na mafuta ndiyo hayasemeki. Lori la Kasulu lilikuja likipenda. Alhamisi moja Bwana Petro alishuka asinitanie. Akaniambia Mzee Bukuru anaumwa tumbo, ametoka hospitali ya misheni na amerudishwa nyumbani, na wote tulijua kurudishwa nyumbani maana yake nini. Kazi ya chumvi anaifanya mwanawe, Yohana. Kisha akanyoosha mgongo, kama alivyofanya akitaka kusema neno kwa neno alivyotumwa.

"Mzee anasema: Mwambie Filipo aje. Aje hivi hivi." Akaonyesha mlango wa ndege. "Leo nina kiti. Panda."

Nilijitazama. Nilikuwa na kaptula ya kazi iliyochanika, majani miguuni mpaka magotini, fyekeo mkononi. Katika miaka yote ile mzee yule hakuwahi kuniona hata siku moja. Nikawaza nitakavyoingia kwake mara ya kwanza, mgonjwa amelala, watu wamemzunguka, na mimi mikono mitupu, nanuka jasho la kiwanja. Nikamwambia Bwana Petro nitakuja wiki ijayo.

"Amesema hivi hivi," akarudia. Alifikiri labda Kiswahili chake ndicho kimekosea.

Nikamwambia nimeelewa, lakini kwetu haiwezekani. Alhamisi ijayo, bila kukosa. Alinitazama kidogo, akapanda, akafunga mlango. Ndege ikapaa na kile kiti kitupu.

Yustina na mama yangu waliposikia hawakunilaumu. Walisema nimefanya vizuri, mtu haendi kwa mzee kama mtoro. Nyumba nzima ikaingia kazini. Mama akatwanga, Yustina akashona shati. Mimi nilikwenda porini kwa shemeji yangu mrina asali, maana yalikuwa majira ya kurina, na nilitaka mzee apate asali safari hii katika chombo chenye mdomo mpana. Mizinga ya karibu ilikuwa imesharinwa. Tukaingia ndani zaidi, tukapanda miti, tukaumwa na nyuki mpaka jicho langu moja likavimba likafumba. Nilirudi na debe zima, limejaa masega meupe. Sijui kama nimewahi kufurahi kubeba mzigo kama nilivyofurahia ule.

Alhamisi nilipanda mizani. Debe, unga, jogoo wa mama, maharage ya majirani waliosikia naenda kumwona mzee wa chumvi. Mshale ukazunguka kama umepandwa na kichaa. Watu wote niliowahi kuwavua impamba zao walikuwa wamekuja kutazama, na kila nilichoshusha walikipigia makofi. Nilishusha unga. Nilishusha maharage. Jogoo nilimrudisha kwa mama. Debe sikulishusha, nikavua viatu badala yake. Yustina alishika filimbi na chumvi, nami nikapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani.

Wajukuu zangu, dakika arobaini ni ndefu ukiwa juu. Niliona njia ya lori kama uzi uliosahauliwa, na Malagarasi ambayo ilinilaza matopeni ikawa kitu cha kuruka kwa hatua moja. Nilipanga maneno ya kumwambia mzee. Nilipanga kuanza na yule mbuzi mwenye pembe moja, kwamba amezaa mapacha. Debe lilikuwa kati ya magoti yangu, nimelikumbatia.

Bwana Petro alinigusa bega, akaonyesha chini. Nyumba za Kasulu, mabati yakimeta, migomba, na kile kiwanja nilichokijua kwa masimulizi. Kilikuwa kimenyooka vizuri na kimefyekwa vizuri kuliko changu. Katikati yake walikuwa wamelala ng'ombe.

Alizunguka mara moja. Ng'ombe hawakujali. Kwa kawaida, alisema, hata Yohana huwahi kumwaga chumvi. Akazunguka tena, chini zaidi. Nikaona nyumba moja pembeni ya kiwanja, uani kwake pamejaa watu waliokaa chini, na moshi wa masufuria makubwa. Watu walinyanyua nyuso kuitazama ndege, wakaziinamisha tena. Bwana Petro alikuwa bado anasema habari ya mafuta na kurudi. Mimi nilikuwa nimeshajua. Nililibana lile debe kwa magoti.

Mwishowe mtu mmoja alitoka uani, akaenda pembezoni akamwaga kitu kutoka kwenye kibuyu. Ng'ombe wakanyanyuka mmoja mmoja, wakamfuata. Tukatua.

Mtu huyo ndiye aliyekuwa Yohana. Alinyoosha mikono anipokee debe, kama inavyopasa, akapiga makofi ya salamu, nami nikaitikia. Tulisalimiana mpaka salamu zote zikaisha, maana baada yake lilikuwa limebaki jambo moja tu.

"Tumemzika jana," akasema.

Niliuliza kama aliteseka. Akasema hapana, si sana. Kisha akaniambia neno ambalo sikumwuliza, na ambalo pengine angelificha kama angejua. Alhamisi iliyopita, ndege iliponguruma kutoka upande wa Kibondo, mzee aliwaamuru wamtoe nje na mkeka wake, wamwegemeze ukutani aone kiwanja. Alisema anataka kumwona kijana wa Kibondo anavyoshuka, kama atamkimbilia mtu. Mlango ukafunguka, wakashuka muuguzi na mtu mwenye mguu uliofungwa. Mzee akangoja. Bwana Petro alikwenda kumsalimu, akamweleza kwamba nitakuja wiki ijayo, kwamba natafuta cha kuja nacho.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Alituambia tumrudishe ndani."

Lile debe tuliliweka uani. Wanawake waliwagawia waombolezaji asali, kila mtu kipande cha sega katika jani la mgomba, na wazee wakanisifu kwamba kijana huyu amelelewa vizuri, ameujua msiba. Nilikaa katikati yao na jicho langu lililovimba, nikisifiwa, nikatamani ardhi ipasuke. Nililia baadaye, nikiwa nimekwenda kiwanjani kumpa Bwana Petro njia ya kupaa kwenda Kigoma. Yohana alinikabidhi kibuyu cha chumvi cha baba yake. Ng'ombe wa Kasulu hawakunijua, lakini nilipokung'uta kile kibuyu walikuja.

Niliendelea na kazi Kibondo miaka kadhaa. Baada ya hapo sikumvua tena mtu impamba yake kwa kicheko. Nilipima, nikashusha kilichozidi, wimbo wangu nikauacha. Bibi Sekunda alipita tena kwenye mizani yangu, safari hiyo bila maharage, akaona simwimbii, akaniuliza kama nina uchungu naye. Nikamwambia hapana, mama.

Najua mtaniambia sikufanya kosa, nilifuata desturi. Hata mama yangu alinifia akiamini hivyo. Wala mimi siitukani desturi, nimewalea wazazi wenu nayo. Lakini mwenye nyumba alikuwa ameshaniondolea mzigo kwa mdomo wake mwenyewe, na mimi nikajitwisha tena. Alitaka aone sura yangu. Nikampelekea asali.

Sasa Neema, nirudi kwenye simu yako. Sikukuuliza kwa nini unatafuta umbali wa Kasulu, kwa sababu najua. Shangazi yako anaumwa, amelazwa hospitali kule tangu mwezi uliopita, amekupigia mara mbili, na mara zote mbili nimekusikia hapa barazani ukimwambia: mwisho wa mwezi, shangazi, nikipata mshahara, nisije mikono mitupu. Ndege ya misheni haipo tena, lakini lami ipo, na basi la kwanza linaondoka stendi asubuhi. Usipitie dukani. Usinisubiri nikutafutie asali, maana nitaitafuta, najijua. Panda hivi hivi.